Ndera Vinywani Mwetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Niboye, Kicukiro, katika mkutano wa ukumbusho wa chama chao)





Nimetakiwa na Halmashauri niseme maneno machache juu ya afya. Nilipouliza ni afya ipi, nikaambiwa nichague mwenyewe. Ningeweza kusema juu ya malaria, au juu ya sukari na presha, na hapana ambaye angeondoka hapa amekunja uso. Lakini maradhi hayo yana watu wa kuyasemea. Mgonjwa wa sukari huitangaza sukari yake hata karamuni, apate kuletewa chai isiyotiwa kitu. Mimi nimechagua maradhi ambayo mwenye nayo hayasemi, jamaa zake hawayasemi, na majirani huyasema kwa kunong'ona. Nakusudia maradhi ya akili, pamoja na ile huzuni nzito isiyoondoka moyoni. Na zaidi ya maradhi yenyewe nakusudia aibu iliyoyazunguka, ambayo siku hizi wenye kusanifu lugha huiita unyanyapaa. Aibu hiyo humzuia mtu asifike kwa mganga hata mlango wa mganga ukiwa wazi.

Sote twalijua jina la Ndera. Ni mahali katika Wilaya ya Gasabo, si mbali na uwanja wa ndege wa Kanombe, na hapo ndipo ilipo hospitali kubwa ya maradhi ya akili katika nchi yetu. Iliasisiwa na mabruda wa Kikatoliki wenye asili ya Ubelgiji, kwa mapatano na Serikali yaliyofanywa mwaka 1968, na wagonjwa wa kwanza wakapokewa mwaka 1972. Katika mwezi wa Aprili 1994 watu waliokimbilia humo kuokoa roho zao waliuawa humo humo. Baada ya hapo nyumba ile ile ikawapokea wale ambao mambo waliyoyaona mwaka ule yaliwavunja. Na kwa kazi hiyo yote tumeilipa nini? Tumelifanya jina lake kuwa tusi. Kijana akicheka peke yake njiani, husemwa katoroka Ndera. Mume na mke wakigombana, mmoja humwambia mwenziwe kwamba mahali pake ni Ndera. Hata watoto wakitaniana hulitumia neno hilo kabla hawajajua kuandika majina yao.

Wala si sisi peke yetu. Mwenye jamaa Tanganyika ajua watu wanavyolitaja jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927. Unguja husema Kidongo Chekundu. Nairobi ni Mathari, nyumba iliyoanza mwaka 1910 kwa jina la Kiingereza lenye maana ya makao ya wenda wazimu. Mwaka 1924 jina hilo likaondolewa, ikaitwa Mathari, na hilo jipya nalo, ambalo lilikuwa jina la mahali tu, likageuka tusi. Huko London kuna hospitali ya Bethlehem, iliyoasisiwa mwaka 1247. Vinywani mwa watu jina lake likawa Bedlam, na mpaka leo Mwingereza akiona fujo na kelele hulitumia neno hilo. Na tusijidai kwamba Waislamu tumesalimika. Sultani Qalawun alijenga Kairo, mwaka 1284, hospitali iliyosifiwa na wasafiri, yenye kutibu kila namna ya ugonjwa, na wenye maradhi ya akili wakiwa na sehemu yao humo. Hospitali za namna hiyo ziliitwa bimaristani, neno la Kiajemi lenye maana ya nyumba ya wagonjwa tu. Lakini Mmisri wa leo akisema muristani hamaanishi nyumba ya wagonjwa. Amaanisha nyumba ya vichaa.

Nimeyataja majina haya kwa kuwa wako wasemao kwamba dawa ni kuibadili hospitali jina. Majina yamebadilishwa kwingi, na aibu ikayafuata yale mapya.

Sasa niwape hesabu, kisha niache hesabu. Mwaka 2018 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima juu ya maradhi haya, chini ya Rwanda Biomedical Centre. Ilionekana kwamba katika kila watu 100, 20 na zaidi kidogo walikuwa na ugonjwa wa akili wa namna moja au zaidi. Miongoni mwa walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, walikuwa 52 katika 100. Watu waliulizwa pia kama wajua kwamba yako matibabu ya maradhi hayo, na waliojua walikuwa 61.7 katika 100. Wakaulizwa kama wamepata kuyatumia, na waliosema ndiyo walikuwa 5.3. Mtu atajibu kwamba si kila aijuaye hospitali ana haja nayo, na jibu hilo ni la haki. Lakini hata tukiwatoa wazima wote, yasalia kwamba mmoja katika watano ni mgonjwa, na mmoja katika ishirini hivi ndiye aliyegonga mlango. Wengine wako wapi?

Sisemi wote wamezuiwa na aibu. Kulikuwa na wakati ambapo hata mwenye kuthubutu hakumpata wa kumtibu. Marehemu Daktari Naasson Munyandamutsa, aliyerudi kutoka Uswisi baada ya mauaji ya 1994, alikuwa kwa muda ndiye daktari pekee wa maradhi ya akili katika nchi nzima iliyojaa mayatima na wajane. Mambo hayako hivyo tena. Madaktari hawa bado ni wachache, lakini kila hospitali ya wilaya ina sehemu ya maradhi ya akili, vituo vya afya vina wauguzi waliofundishwa kuyatambua, na mwenye bima ya mutuelle hutibiwa kwa bima hiyo. Mgonjwa hana haja ya kuanzia Ndera, na wengi hawatafika Ndera kamwe. Na hapa hapa Kicukiro ipo nyumba iliyo tawi la hospitali hiyo, iitwayo Icyizere, yaani tumaini, ambayo huwapokea pia vijana walioharibiwa na bangi na vileo. Basi njia ipo, tena si ndefu.

Hebu tutazame jinsi aibu inavyofanya kazi, maana ina hatua zake kama fundi.

Kwanza humnyang'anya mgonjwa maneno. Mtu ana wiki tatu hajalala, asikia sauti za waliokufa, au aamka kila asubuhi akiwa hana hamu ya chakula wala ya watoto wake. Akifika kituo cha afya husema kichwa chauma, kifua chabana, tumbo lawaka moto. Hasemi uongo, kwa kuwa hayo nayo yapo. Lakini lile lililomleta hulibakisha kifuani. Muuguzi ana watu arobaini wamemngoja. Hupima damu, hutoa vidonge vya maumivu, na mgonjwa hurudi nyumbani na ugonjwa wake mzima mzima. Nyumbani mama yake huwaambia wageni kwamba malaria imempanda kichwani. Malaria ni ugonjwa wenye heshima zake.

Kisha aibu humfungia mgonjwa ndani. Huwekwa chumba cha nyuma, na wageni huambiwa amesafiri. Mwezi wapita, mwaka wapita, ugonjwa ambao ungalitulizwa mapema wakomaa, mpaka siku moja atoka usiku akavunja vioo vya jirani. Hapo ndipo wanaume watano wanapomkamata, wakamfunga kamba, wakampakia katika gari mbele ya mtaa mzima. Je, watoto waliosimama kando ya barabara wamejifunza nini? Wamejifunza kwamba waendao Ndera ndio wafungwao kamba. Wale waliokwenda mapema kwa miguu yao, wakatibiwa, wakarudi dukani na shuleni, hao hawakuwaona, kwa sababu hao hawamwambii mtu. Yamkini wamo humu ukumbini, wameketi kimya. Basi aibu yaleta kuchelewa, na kuchelewa kwaleta kamba, na kamba yazidisha aibu.

Na hata aliyefika akapewa dawa, aibu humfuata mpaka kabatini. Vidonge hufichwa ndani ya mkebe wa majani ya chai. Akija mama mkwe kukaa juma moja, vidonge haviguswi juma zima. Mgonjwa akirudiwa na ugonjwa, wale wale waliomfanya aone haya kumeza husema, mwaona, dawa za hospitali haziponyi. Hapa nataka nitaje jambo la Ramadhani, kwa kuwa latuhusu sisi hasa. Wako watu waachao dawa zao mwezi mzima, na wako wazimezao zote kwa pamoja wakati wa daku bila kumwuliza daktari, kwa kuogopa kuonekana wakinywa maji mchana. Wote wawili wajitia hatarini. Ziko dawa za maradhi haya ambazo humdhuru mtu akikaa mchana kutwa bila maji. Sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na aya yake twaisoma sote. Lakini ruhusa hiyo twampa mwenye kidonda cha tumbo, na mwenye maradhi ya akili twamtazama kwa jicho la kuuliza, "Mbona mwili wake mzima?"

Kama yuko atiaye shaka kwamba mambo ya namna hii hubadilika, na atazame ukimwi. Wazee wakumbuka miaka ya 1980 na 1990, ugonjwa ule ulipokuwa hautajwi hata matangani, na sahani ya mgonjwa ikatengwa. Katika uchunguzi wa 2018 na 2019 ilionekana kwamba katika kila watu wazima 100 wenye virusi hivyo hapa Rwanda, 83 na zaidi walikuwa wakijua hali yao, na katika waliojua, 97 na zaidi walikuwa wakitumia dawa. Ni watu wale wale, na milima ile ile, na vituo vile vile vya afya. Ni kweli fedha nyingi zilitoka ng'ambo kwa ajili ya ukimwi ambazo hazikutoka kwa ajili ya wazimu, na dawa zilimwinua mgonjwa kitandani mbele ya macho ya watu. Lakini fedha zote zile zisingefaa kitu kama watu wangeliendelea kupita mbali na mlango wa kituo. Aibu haijaisha kabisa hata huko, ila imelegea, na watu wakapita.

Ndugu zangu, sisi hatukustahili kufundishwa na mgeni jinsi jina linavyoweza kumfunga mtu miguu. Katika zama za Wabelgiji Waislamu wa Kigali walikuwa na mtaa wao huko Biryogo, ulioitwa Camp Swahili, na katika vinywa vya wengine neno Umuswahili lilikuwa na maana ya mwongo na mlaghai. Aliyeitwa hivyo mbele ya dirisha la karani hakuhitaji kupigwa ili asirudi tena mahali pale. Alikwenda zake, na haki yake ikabaki dirishani. Mgonjwa wa akili naye ndivyo aendavyo zake.

Ama upande wa dini, nasema mbele ya Masheikh, nao watanisahihisha nikiteleza. Fikihi imemwondolea mwenda wazimu lawama. Kalamu imeinuliwa juu yake kama ilivyoinuliwa juu ya mtoto na aliyelala. Haandikiwi dhambi kwa alichokitenda akiwa hana akili. Basi twashangaa kuona lawama ambayo Sheria imeiondoa, mtaa umeirudisha, tena umeiongeza ikawafikia mama yake, dada zake na watoto wake.

Iko hadithi katika Bukhari na Muslim ambayo natamani isomwe zaidi misikitini mwetu. Ibn Abbas alimwonyesha Ata bin Abi Rabah mwanamke mweusi, akamwambia kwamba yule ni katika watu wa Peponi. Mwanamke huyo alikuwa akianguka kifafa, na alipoanguka nguo zake zilifunuka. Alimwendea Mtume, sala na amani ya Allah zimshukie, akamshtakia hali yake. Mtume akampa hiari, avumilie apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kuvumilia, lakini akaomba jambo moja, asifunuke. Mtume akamwombea hilo. Angalieni alichokiomba. Kuanguka alikuwa tayari kukuvumilia. Macho ya watu hakuwa tayari kuyavumilia. Na Mtume hakumwambia kwamba hilo ni jambo dogo. Watu wa baadaye wakamwonyeshana mwanamke yule kwa heshima, ilhali kwetu mtoto wa kifafa, anachokiita Mnyarwanda igicuri, akianguka sokoni watu hurudi nyuma wakiogopa povu lake. Povu hilo haliambukizi. Na kwa kuwa kifafa nacho hutibiwa Ndera, wazazi wengine huona heri mtoto aanguke motoni kuliko kuandikwa katika daftari la hospitali hiyo.

Najua mtu atasema, mbona yule mwanamke alichagua subira akaacha kupona? Naam, alichagua yeye. Hakuchaguliwa na shemeji zake. Na Mtume huyo huyo aliwaamrisha watu wajitibu, kwa kuwa hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila dawa yake isipokuwa uzee.

Wanazuoni wetu wa kale waliyajua maradhi ya moyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya manufaa ya mwili na ya nafsi, akiwalaumu waganga wa zama zake kwa kuishughulikia miili na kuziacha nafsi. Alitenga huzuni ya namna mbili, ile ambayo sababu yake yajulikana, kama kufiwa, na ile ambayo mwenyewe hawezi kukuambia imetoka wapi. Huyu wa pili ndiye tunayemwambia leo kwamba imani yake ni dhaifu. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita, akawa alia mchana kutwa na mtoto hataki kumtazama, huambiwa hana shukrani. Laiti tungalimsoma al-Balkhi kabla ya kumjibu.

Na majini? Sikatai kwamba majini yapo, Kurani imeyataja. Kusomewa aya si haramu, na wengi hupata utulivu kwayo. Ninalolikataa ni mambo mawili. La kwanza ni mgonjwa kupigwa fimbo, kunyimwa chakula, au kufungwa nguzoni ati anapigwa jini. Jini halina mbavu. Mbavu zivunjikazo ni za mtoto wa mwenzetu. La pili ni kukiweka kisomo mahali pa hospitali kwa miezi minane, kwa sababu mwenye jini ana heshima kidogo kuliko mwenye wazimu. Msomaji mwaminifu angemwambia mzazi siku ya kwanza, "Mimi nitasoma, nawe mpeleke kwa daktari kesho."

Naja kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni posa. Wazee huuliza juu ya ukoo, na wakisikia kwamba mjomba wa binti alipelekwa Ndera mwaka fulani, mahari hurudi mfukoni. Kwa hiyo jamaa huficha. Na kuficha kuna madhara yake, maana wazimu ni katika aibu za ndoa ambazo fukahaa wameruhusu ndoa ivunjwe kwazo, na aliyefichwa ana haki ya kulalamika. Lakini je, binti aliyepata huzuni baada ya kufiwa na baba yake, akatibiwa miezi sita, ndiye majnuni wa vitabu vya fikihi? Kwa jinsi nilivyofahamu kwa walimu wetu, siye. Naomba Masheikh walieleze hili waziwazi, kwa sababu kuna watu wasiotibiwa katika mtaa huu kwa ajili ya posa ambayo bado haijaletwa.

Lipo na jingine ambalo nitalisema kwa ufupi. Mtu akikuambia amechoka kuishi, usimjibu kwa kumtajia Moto. Anaujua, na kwa kuujua kwake ndiyo maana amekuambia wewe badala ya kutenda. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya siku ile ile. Na jamaa waliofikwa na msiba huo, wasiachwe wazike usiku kama wezi. Wanazuoni walio wengi wamesema kwamba maiti huyo ni Mwislamu na husaliwa.

Bwana Mwenyekiti, sikuja kuomba hospitali. Naomba mambo yaliyo katika uwezo wa chama hiki. Tunao utaratibu mzuri wa kuwazuru wagonjwa. Na uwafikie walio vyumba vya nyuma, kwa hiari ya wenyewe na bila kuandika majina yao ubaoni. Wateuliwe wanaume wawili na wanawake wawili wanaojua kuufunga mdomo, wawe tayari kufuatana na mgonjwa na mzazi wake mpaka kituo cha afya, maana wengi hushindwa na ile hatua ya kuingia mlangoni peke yao. Katika sanduku la chama itengwe sehemu kwa ajili ya nauli ya wanaokwenda kuchukua dawa kila mwezi, na kwa ajili ya mutuelle ya jamaa zilizoshindwa kulipa. Na waalimu wa madrasa, kuanzia Jumamosi ijayo, mtoto akimwita mwenziwe kwa jina la Ndera, na asimamishwe kama asimamishwavyo akitukana mama wa mtu.

Mwezi wa Aprili hauko mbali, na katika siku zile za maombolezo wako miongoni mwetu watakaopatwa tena na lile waliitalo ihungabana. Ingefaa wale wanne wawe wamekwisha teuliwa kabla ya hapo.